Riviu: resini ya kumwaga nene kwa mbao za kuandalia chakula mezani, mzigo mzuri ila boksi linaongea sana

Kwa wanaouliza kama hizi seti za epoksi ya kumwaga nene (zile za madumu mawili, moja resini moja hadina, yaani kigandishio, ukizichanganya zinaganda kama plastiki ngumu) zinafaa kutengenezea mbao za kuandalia kwa vipande vya mbao vilivyobaki: zinafaa, tena sana. Shida ni kwamba maelezo ya kwenye boksi yamejaa habari za resini, habari za mbao hamna kabisa, wakati kazi nyingi zinaharibikia kwenye mbao na sio kwenye resini.

Nianze na sifa zake. Ni nyepesi, inatiririka karibu kama maji, inaingia mpaka kwenye ufa mwembamba na kwenye mashimo ya wadudu, na kwa sababu hadina yake ni ya polepole mapovu yanapata muda wa kupanda juu yenyewe, unapitisha hewa ya moto kidogo tu uso unakaa safi. Ikiganda inang'aa kweli, na ukitia unga wa maika (unga wa madini unaometameta) kidogo ile rangi inatembea ndani yake vizuri sana, huhitaji kuujaza. Hapo sina neno.

Vipimo sasa. Hii ninayoisemea ni 2 kwa 1, na hiyo ni kwa ujazo. Ukiamua kutumia mizani usichukue hiyo hiyo 2 kwa 1 ukaipeleka kwenye gramu, maana resini na hadina hazina uzito sawa, utafute uwiano wa uzito ambao kwa kawaida umeandikwa kwa maandishi madogo kwenye karatasi ya ndani. Ukikosea hapo ubao unabaki unanata na haijalishi utausubiri mpaka lini. Koroga taratibu, kwangua pembeni na chini ya kopo, afu hamishia kwenye kopo jingine ukoroge tena, maana ile iliyonata kwenye kuta za kopo haijachanganyika na ndo inayoleta madoa laini.

Halafu joto. Epoksi ikiwa inaganda inatoa joto yenyewe, kadiri mzigo ulivyo mwingi sehemu moja ndo joto linavyozidi. Ndo maana ile ya kupaka juu, ya 1 kwa 1, inataka unene wa kama milimita 3 tu kila ukimwaga, na watu wanaichukua hiyo hiyo wanajaza kalibu nzima wanashangaa inafuka moshi, inapasuka, inakuwa ya njano. Hii ya kumwaga nene nyingi zinakubali mpaka sentimita 5 kwa mkupuo, kwa ubao wa kuandalia imetosha na chenji inabaki. Ila usiiache imechanganywa kwenye kopo ukaenda kupiga stori, ndani ya kopo inapata moto haraka kuliko ikishatandazwa.

Sasa mbao, na hapa ndo boksi limenyamaza. Mbao iwe kavu, unyevu chini ya asilimia 12, na kipima unyevu kidogo kitakuokolea resini nyingi. Mbao mbichi inatoa mvuke na hewa, mapovu hayaishi, na baadaye ikisinyaa inaachana na resini. Hata ikiwa kavu ipake kwanza mkono mwembamba wa resini kuziba vinyweleo, ikishika ndo umwage. Gome litoe lote hata kama linapendeza, litakuja kubanduka tu. Mbao ya mafuta kama msaji ifute na asetoni kabla. Vya paleti angalia muhuri: HT maana yake ilitibiwa kwa joto, MB ilifukizwa methyl bromide, gesi ya sumu ya kuua wadudu, hiyo iache, usiipeleke kwenye chombo cha chakula. Na mbao ya fanicha ya zamani yenye rangi ambayo hujui ni ya nini pia iache, rangi hiyo inaweza kuwa na madini ya risasi (lead). Kitu kingine ambacho hakuna anayekwambia, mbao inaelea jamani! Ibane chini kwa klampu la sivyo utakuta vipande vimesafiri. Kalibu ya mbao za melamini (zile zenye uso laini kama plastiki) inatosha, bandika tepu ndani, ziba kona kwa silikoni.

"Saa 24 tayari" waliyoandika mbele siikubali. Kwa nyuzi 20 mpaka 25 unene huo wa sentimita 5 unaweza kuchukua saa 72 ndo uitoe kwenye kalibu, kukomaa kabisa ni wiki au zaidi, kukiwa na baridi ndo kabisa. Ukiwahi kupiga msasa unaziba msasa na unajirushia vumbi la resini ambayo haijakomaa. Msasa wenyewe usiruke namba, 80, 120, 180, 220 mpaka 400, mbao inaficha mikwaruzo ila resini ya rangi nzito inaonyesha kila kitu.

Halafu lile neno "salama kwa chakula". Ni kweli kwa masharti: imepimwa sawasawa, imekomaa yote, na rangi uliyotia nayo ni ya kufaa. Marekani kanuni yao ya 21 CFR 175.300 inahusu kile kinachotoka kwenye resini kuingia kwenye chakula, haihusu kisu. Kwa hiyo kuandalia sawa, kukatia hapana, maana kisu kinachimba vipande vidogo na mikwaruzo inashika uchafu. Sufuria la moto usiliweke, nyingi zinaanza kulegea kwenye nyuzi 50 na kitu mpaka 60. Mashine ya kuoshea vyombo hapana, kulowekwa hapana, na jua la dirishani linaifanya njano taratibu. Upande wa mbao paka mafuta ya madini na nta ya nyuki.

Kinachonikera kuliko vyote ni ile picha ya mikono mitupu kwenye boksi. Harufu yake ni ndogo ndo maana watu wanaichukulia poa, lakini epoksi ikigusa ngozi mara kwa mara mwili unaweza kuikataa (ukapata aleji), na ukishaikataa hali hiyo hairudi nyuma. Vaa glavu za nitraili, fungua madirisha, na wakati wa msasa vaa maski ya vumbi ya maana sio kitambaa.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Kama unataka tu kupaka ubao uliokwisha ung'ae juu usinunue hii, itakutiririkia yote pembeni, chukua ile ya 1 kwa 1. Ila kama una vipande vyenye nyufa na matundu vya kuunganisha, chukua hii, na hela ya pili nunua kipima unyevu kabla hujafikiria rangi.