Uzoefu wangu: nilialikwa kusoma riwaya mapema, nikafukuzwa kama mwizi wa kuku

Jamani nina hasira na naandika nikiwa nayo hivihivi, nikisubiri ipoe sitaandika kitu.

Kitambo kidogo niliona tangazo, wanatafuta wasomaji wa mapema (unapewa kitabu bure kabla hakijatoka, nawe unaandika riviu, yaani maoni yako) wa riwaya moja ya kutuliza roho, mji mdogo huko Marekani, duka la mikate, paka, mjane amerudi kwao, kila mtu anajua mwenzake jana alikula nini. Mi nakaa Tororo, Uganda, miji midogo naijua, hapa ukipita na kaveera, mfuko wa plastiki, watu washajua ndani kuna nyama kilo ngapi. Nikajaza fomu, faili ikaja kwa imeili, nikaisoma kwa simu siku tatu usiku, umeme ukakatika nikaendelea tu mpaka betri ikabaki asilimia 4. Kitabu kitamu, siwadanganyi. Pale mjane anampikia supu jirani aliyekuwa anamsengenya nililia mpaka mume wangu akauliza nani kafa.

Nikaweka riviu ndefu Goodreads, ule mtandao wa wasomaji wa vitabu, na ile sentensi kwamba nakala nilipewa bure. Kumbe wanataka na Amazon, lile duka la mtandaoni. Sasa Amazon ili uandike riviu lazima uwe umenunua vitu vya angalau dola 50 kwa kadi ndani ya miezi 12, ndo sheria yao. Kadi! Mi nauza vitenge sokoni, pesa yangu yote inapita mobail mani, kadi natoa wapi? Nikamwandikia yule dada anayesimamia wasomaji, kwa adabu kabisa, shikamoo tu ndo sikumpa maana asingejua kuitikia.

Jibu mistari miwili. Eti wasomaji wa "nchi zenu" wanapenda vya bure halafu hawarudishi chochote, na jina langu limeshatolewa kwenye orodha. Nchi zenu! Banange, mwizi gani anakaa usiku anaandika maneno mia nne kumsifia mjane wa watu? Na kwenye ile fomu mliuliza nchi, nikajaza UGANDA kwa herufi kubwa, mlinikubali ya nini? Mngesema mapema kwamba bila kadi tusijisumbue, si ningelala zangu.

Huduma yao nyota moja, ningeweka sifuri kama ingekuwepo. Mwandishi simlaumu, sidhani hata anajua wanavyoongea na watu kwa niaba yake. Juzi nilitaka kwenda kuishusha ile riviu yangu ya nyota tano, nikafika mpaka kwenye kitufe, nikashindwa, ile supu bwana. Haya basi huduma niwape mbili maana bila wao kitabu nisingekijua. Hapana. "Nchi zenu"? Moja, na hiyo moja ni ya paka.

Paka mwenyewe ukurasa wa mwisho amepotea, na sehemu ya pili watasoma wenye kadi.