Sekunde 30 za Gmail zinazishinda saa 60 za WhatsApp

Ukituma neno ambalo hukupaswa kulituma, WhatsApp inakupa siku 2 na saa 12 za kulifuta kwa wote. Ni muda mrefu, hasa ukikumbuka kwamba huduma hii ya kufuta ilianza mwaka 2017 na dakika 7 tu. Lakini urefu huo unadanganya. Ujumbe umeshafika, unachofuta ni nakala iliyo ndani ya mazungumzo. Mahali pake panabaki taarifa kwamba ujumbe umefutwa, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Kwenye Android, kuanzia toleo la 11, aliyewasha historia ya arifa anaweza kuyasoma maneno yako humo kwa saa 24. Kwenye iPhone, picha iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye albamu ya simu haiondoki. Na kidole kikiteleza ukagusa kufuta kwako peke yako, umejifichia mwenyewe: wenzako bado wanausoma. Hapo una sekunde 5 za kutendua, basi.

Kuhariri ni afadhali. Una dakika 15, na ujumbe hupata alama kwamba umehaririwa, ila maneno ya awali hayaonyeshwi. Kwa Kiswahili hili ni jambo zito: "nitalipa" na "sitalipa" zinatenganishwa na herufi moja, "nitalipa" na "nimelipa" na herufi mbili, na kibodi inayojisahihisha haijui ulikusudia ipi. Mambo ya fedha yasome kiambishi kwa kiambishi.

Gmail inashinda kwa sababu inaizuia barua kabla haijaondoka. Ukibonyeza kutuma, inasubiri kwanza. Ukitendua, mpokeaji hapati chochote, hata alama. Kasoro yake ni kwamba huja imewekwa sekunde 5, ambazo hazitoshi hata kusoma jina la uliyemwandikia. Ziongeze kwa kompyuta: gusa alama ya gia, fungua mipangilio yote, na kwenye sehemu ya Jumla, palipoandikwa kutendua kutuma, chagua sekunde 30. Kisha shuka hadi chini kabisa uhifadhi mabadiliko. Wengi huishia kuchagua tu, wakifunga ukurasa zinarudi zile 5.

Barua ya hasira inahitaji zaidi ya hapo. Iandike sehemu ya mpokeaji ikiwa tupu, maana bila anwani haiwezi kutumwa hata ukibonyeza kwa bahati mbaya. Unapojibu, anwani hujijaza yenyewe; ifute kwanza, uirudishe ukishasoma yote.