Wadudu gamba kwenye maua ya ndani: dawa ipi ununue kwanza ukiwa Moshi

Ukideki ukakuta sakafu inanata chini ya ua la sebuleni, geuza majani yake. Vile vidoto vya kahawia vilivyoshikamana na mshipa wa jani, vinavyofanana na sehemu ya mmea wenyewe, ni wadudu gamba. Wanafyonza utomvu na kutoa majimaji matamu, juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Mkulima wa kahawa huku mlimani anawajua ndugu zao wa kijani: akiona sisimizi wanapanda shina kwa foleni, anatazama juu kuna nini kinachowalisha.

Kabla hujatoa hela, elewa kwamba mdudu mkubwa amejifunika, na dawa nyingi zinamteleza. Watoto wake ndio hawana gamba bado. Hutambaa kwa muda mfupi, kisha nao hujibandika. Kwa hiyo nunua kitu kinachompata chini ya gamba, na utakachomudu kukirudia kila baada ya siku 7 hadi 10 kwa mwezi mmoja au zaidi.

Namba moja kwangu ni spiriti ya asilimia 70 kutoka duka la dawa, pamoja na pamba na mswaki laini uliochakaa. Kwa maua matatu manne sioni cha kuishinda. Loanisha pamba, gusa kila gamba, kisha sugua mpaka libanduke, ukifuata maungio ya majani na mashina wanakojificha. Ndivyo nilivyookoa isale langu, na kwetu Wachagga isale ni jani la kuombea msamaha, huwezi kulitupa hivi hivi. Ilinichukua Jumamosi tano. Anza na jani moja, ngoja siku mbili uone kama litaungua, na usikaribie moto.

Ya pili ni mafuta ya mwarobaini, hasa kwa mmea wenye majani mengi yasiyosugulika moja moja. Mafuta humziba mdudu pumzi. Weka mililita 5 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, ongeza matone ya sabuni ya maji ili yachanganyike, tikisa, pulizia jioni hadi chini ya majani, na umalize siku hiyohiyo. Mafuta halisi yana harufu kali. Yakinukia kama losheni, yaache dukani. Baridi ya Julai ikiyagandisha, usidhani yameharibika, simamisha chupa kwenye maji ya moto kidogo.

Sabuni ya mche iliyoyeyushwa naiweka ya tatu: inaua watoto, wakubwa wanabaki. Sabuni ya unga ya kufulia usiiguse, inaunguza majani.

Mwisho kabisa ndipo dawa inayofyonzwa na mmea, kama zenye imidakloprid, kutoka duka la pembejeo. Inafaa kwa mti mkubwa ulioshindikana. Lakini wadudu gamba wa aina ngumu, wasiotoa majimaji ya kunata, mara nyingi hawaisikii, na ua likichanua barazani nyuki watadhurika. Usiitumie kwenye ndimu ya chunguni. Soma lebo: kiambata (kemikali inayoua wadudu), tarehe ya mwisho, namba ya usajili. Viuatilifu nchini husajiliwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambao makao yao makuu yako Ngaramtoni, Arusha. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda usiipokee hata kwa bei ya bure, hasa nyumba ikiwa na watoto.

Dawa ya mbu ya kopo haipo kwenye orodha yangu. Inaunguza majani, na mdudu anabaki salama ndani ya gamba lake.

Na unaponunua ua jipya kwenye vitalu vya barabarani, geuza majani kabla hujalipa, kisha likae chumba cha peke yake wiki tatu au nne.