Mikutano ya walimu ya Jumamosi mjini Lubumbashi: maoni yangu baada ya vikao saba

Tangu mwezi wa pili nimehudhuria vikao saba vya mkutano wa walimu unaofanyika kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, katika ukumbi wa parokia moja ya Kamalondo, mtaa mmoja wa mji wetu wa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ninaandika maoni haya kwa ajili ya walimu wenzangu wa shule za msingi wanaojiuliza kama inafaa kutoa faranga 3,000 pamoja na asubuhi nzima ya siku ya mapumziko. Jibu langu ni kwamba inafaa, hasa kwa mwalimu mwenye darasa kubwa, ingawa kuna jambo moja zito ambalo waandaaji hawajalishughulikia vya kutosha, nami nitalieleza bila kulificha.

Ninafundisha darasa la tano huko Katuba. Wanafunzi wangu ni 64, na madawati yetu ni yale ya mbao nzito ambayo meza na benchi vimeunganishwa, kwa hiyo hayasogezwi bila watoto wanne kuyabeba. Tangu elimu ya msingi katika shule za umma itangazwe kuwa bila malipo mnamo Septemba 2019, watoto ambao zamani walirudishwa nyumbani kwa kukosa ada wameingia darasani, na hilo ni jema kabisa. Lakini mafunzo mengi tuliyopewa hayakubadilika. Bado tunaambiwa tuwaketishe wanafunzi katika duara, bila anayetuambia kuonyesha duara hilo litakaa wapi katika chumba ambacho hata njia ya kupita mwalimu ni nyembamba. Mkutano huu umenifaa kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuleta wazo ambalo hajalijaribu darasani kwake.

Utaratibu wake ni rahisi. Mwalimu mmoja hufundisha somo la dakika 30, na sisi wengine huketi kama wanafunzi wake, kisha hufuata mazungumzo ya saa moja na zaidi. Kanuni ninayoipenda kuliko zote ni kwamba kabla ya kusifu au kukosoa, kila msemaji hulazimika kutaja kwanza kitu alichokiona: nani alinyamaza, nani alimsaidia jirani, ni wakati gani watu walianza kutazama dirishani. Kanuni hiyo imewaondolea wengi hofu, kwa maana sote tumezoea mtu kuketi nyuma ya darasa kwa ajili ya kuhesabu makosa yetu tu.

Kikao cha tatu ndicho kilichobadilisha ufundishaji wangu. Mama mmoja anayefundisha Kampemba alituonyesha mbinu ya vipande, ambayo asili yake ni Marekani: mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake waliianzisha mwaka 1971 katika shule za Austin, Texas, wakati watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko walipowekwa pamoja na uhasama ukazuka darasani. Wazo lake ni kwamba kila mtoto wa kikundi hupewa kipande kimoja tu cha somo, akakielewe pamoja na wenye kipande kama chake, kisha arudi kuwafundisha wenzake, hivyo kwamba hakuna anayeweza kumaliza kazi bila kumsikiliza kila mmoja. Somo alilolichagua lilikuwa maisha ya mbu, nalo lina vipande vinne vilivyo tayari: yai, kiluwiluwi (lava), buu (pupa) na mbu mzima. Alikuwa ameandika maelezo ya kila hatua kwa mkono kwenye nusu ya karatasi ya daftari, mistari mitano tu, wala hakutumia mashine wala umeme.

Jumatatu ya pili yake nilijaribu kwangu. Kwa wanafunzi 64 nilipata vikundi 16 vya watoto wanne, kwa kuwageuza wale wa dawati la mbele watazamane na wa dawati la nyuma, pasipo kusogeza hata ubao mmoja. Wenye kipande kimoja walikuwa 16, nao ni wengi mno kuzungumza pamoja, kwa hiyo niliwagawa tena wanne wanne, kama yule mama alivyoshauri. Mara ya kwanza makelele yalinishinda na muda ukaisha kabla ya mbu kutoka majini. Mara ya pili niliweka ishara ya mkono na nikaandika dakika ubaoni, na hapo nikamwona mvulana mmoja, ambaye tangu Septemba hakuwahi kuinua mkono, akiwaambia wenzake watatu kwamba buu halili kitu chochote. Msichana aliyesomea kiluwiluwi alimkatalia, akisema kwamba chake kinakula mchana kutwa. Walibishana hadi walipogundua kwamba wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa hatua yake. Mimi nilikuwa nimesimama karibu nao, na nilijizuia nisiwape jibu.

Vikao vingine nitavitaja kwa ufupi. Kimoja kilihusu muda wa kungoja jibu, ambapo tulielezwa utafiti wa Mary Budd Rowe wa Marekani, aliyegundua kwamba walimu kwa kawaida hungoja kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakifika sekunde tatu, majibu huwa marefu zaidi na watoto wengi zaidi hujitokeza. Kingine kilirudia vibao vya mkono, vile ambavyo wengi wetu tulivitumia utotoni: mwalimu anauliza, kila mtoto anaandika kimya, na kwa ishara moja vyote vinainuliwa. Hakikuwa na jipya kwa wazee wa kazi, lakini walimu vijana waliandika sana, na mimi nilikumbushwa kwamba kwa vibao hivyo ninaona majibu 64 kwa mara moja, badala ya jibu la yule mmoja mwenye haraka.

Kuhusu lugha, mazungumzo yalikuwa ya kweli kuliko nilivyotarajia. Lubumbashi ni mji wa wengi, na katika madarasa yetu kuna watoto ambao nyumbani husikia Ciluba cha Kasai au Kibemba, wengine Kifaransa tu, na Kiswahili chenyewe cha mtaani si kile cha kitabuni. Mwalimu mmoja wa Ruashi huwaruhusu watoto wawili wawili kulizungumzia swali kwa lugha yoyote wanayoelewana, kisha jibu hutolewa kwa lugha ya somo. Baadhi yetu walipinga, wakihofia kwamba Kifaransa cha darasa la sita kitadhoofika kabla ya mtihani wa taifa. Mimi niko upande wa mwalimu wa Ruashi, kwa kuwa mtoto asiyeelewa swali hatajifunza Kifaransa kwa kulinyamazia.

Sasa nifike kwenye lalamiko langu. Tangazo la mkutano linaahidi darasa linalomkubali kila mtoto, na kwa watoto wenye ulemavu ahadi hiyo haijatimizwa. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, na watoto hao wanaletwa shuleni kwetu na wazazi wanaotutegemea. Katika vikao saba walipewa nusu saa moja tu, na ushauri wote ulikuwa mmoja: mweke mbele. Nina msichana asiyesikia vizuri, na nilikwisha kumweka mbele tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeniambia kwamba ninapoandika ubaoni huku nikisema, uso wangu umegeukia ukuta na maneno yote yanampotea. Wala kwamba ninaposimama dirishani, mwanga wa nyuma yangu unafanya midomo yangu isionekane. Hayo nilifundishwa na mama yake, langoni mwa shule, kwa dakika tano. Aliongeza kwamba binti yake hukaa vizuri zaidi safu ya pili pembeni, kwa sababu kutoka hapo anaweza kuona pia nyuso za wenzake wanapojibu. Inaniuma kwamba mzazi huyo hakuwahi kualikwa kusema mbele ya walimu 40 ambao bila shaka wana watoto kama wake.

Niliwaandikia waandaaji, na kwa haki ni lazima niseme kwamba walinijibu mnamo wiki hiyohiyo na wakakubali kutenga kikao kizima mwezi ujao. Niliwaomba wamwalike mwalimu anayejua lugha ya alama na angalau wazazi wawili, na tusiishie kwenye kusikia tu: kuna watoto wasioona vizuri, ambao husaidiwa sana mwalimu akitamka kila anachoandika na akifuta ubao kwa kitambaa chenye maji ili chaki isiache ukungu, na kuna wanaoandika kwa mkono wa kushoto, ambao bado wanachapwa katika baadhi ya madarasa.

Kwa anayetaka kwenda, ajue mambo machache. Ada ya faranga 3,000 inajumuisha chai na mkate, lakini nakala za karatasi hulipiwa kando, na hapo bei ni ya juu kuliko kwa wapiga nakala wa mjini. Ni nafuu kuchukua karatasi moja na kuigawana watu watatu. Baadhi ya karatasi hizo zinatoka TESSA, mpango wa nyenzo za walimu wa Afrika ulioanza mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, ambao hupatikana bure kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwa hiyo mwenye simu yenye intaneti anaweza kujisomea mwenyewe. Kiswahili chake ni cha Tanzania, na ilitubidi tuelezane kwamba andalio la somo ndilo sisi tunaloliita fishi. Kikao huanza saa mbili kamili asubuhi, na kwa kuwa ukumbi hauna vipaza sauti, anayechelewa huketi nyuma na kukosa nusu ya somo. Mama wa mwanafunzi wangu amekubali kuja mwezi ujao, na nimekwisha kumwekea nafasi safu ya kwanza.