Flaski ya chakula na kisanduku cha vyumba vitatu: kipi kinafaa kwa mtoto wa shule?

Ukizunguka masoko ya Kikuubo au Owino jijini Kampala utakuta flaski za chakula za kila namna, na kila muuzaji anasifia yake. Tunayoizungumzia hapa ni ya steli, ya mililita 500, yenye kuta mbili zisizo na hewa katikati na mdomo mpana wa sentimita 7 hivi. Mara nyingi huuzwa karibu na kisanduku cha plastiki chenye vyumba vitatu. Pesa zikitosha kitu kimoja tu, chukua flaski.

Mtoto anayetoka nyumbani saa 12 asubuhi na kula saa 7 mchana hufungiwa kile kinacholika baridi. Ndiyo maana wiki nzima ni chapati, mandazi na mkate, huku maharagwe, mukene (dagaa) na mchuzi wa karanga vikibaki sufuriani. Hivyo ndivyo vyakula vinavyomjenga, na flaski inamwezesha kuvila shuleni vikiwa bado vya moto.

Ipime kabla ya kulipa. Omba maji yanayochemka, ijaze, funga, kisha ishike ubavuni na chini baada ya dakika 10. Ukisikia joto kwa nje, hewa imeingia kati ya kuta na flaski hiyo haina kazi tena. Iliyobonyea kitako iache hapo hapo, hata ukipunguziwa bei. Angalia pia kifuniko. Chakula cha moto kikianza kupoa, mvuke ulio ndani hupungua na kifuniko hujivuta chini. Mtoto wa miaka saba hawezi kukifungua, na chakula hurudi nyumbani kama kilivyotoka. Tafuta chenye kitufe cha kuingiza hewa katikati, na mwachie mtoto akifungue mwenyewe mara kadhaa nyumbani.

Wengi huilaumu flaski kwa kosa la upakiaji. Steli baridi hunyonya joto la chakula, kwa hiyo mimina maji yanayochemka ndani, funga kwa dakika 5 hadi 10, yamwage, na pakia papo hapo. Chakula kiwe kinachemka, si vuguvugu, na kijae hadi sentimita moja chini ya kifuniko. Flaski iliyojaa nusu hupoa haraka. Lengo ni chakula kisishuke chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, kwani chini ya hapo bakteria huanza kuzaliana. Wali wa jana ndio wa kuangaliwa zaidi: una bakteria ambao mbegu zake haziuawi na mapishi ya kawaida. Uwe ulihifadhiwa kwenye friji, na asubuhi uongeze vijiko viwili vya maji, uuchemshe hadi utoe mvuke kote, ndipo upakie.

Vyakula vya majimaji ndivyo vinavyokaa vizuri humo. Katogo, yaani matoke na maharagwe yaliyopikwa pamoja, ni bora kuliko vyote, kwa sababu matoke huwa magumu yakipoa na hapa hayapoi. Wali uweke chini, sehemu moja, mchuzi juu, sehemu mbili. Upike ukiwa mkavu kidogo kwani utaendelea kunyonya mchuzi njiani. Posho (ugali) haifai sana, hutoa maji chini ya kifuniko na kulowa. Chapati na samaki wa kukaanga visiingie kabisa, mvuke huvilegeza.

Mukene ioshwe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au zaidi hadi mchanga uishe, ikaangwe bila mafuta, kisha iingie kwenye mchuzi wa karanga. Mtoto asiyetaka kuona vichwa, isagie iwe unga na utie vijiko viwili. Kalsiamu iko kwenye mifupa, kwa hiyo hapotezi kitu. Karanga zichambuliwe moja moja, zilizokunjamana au zenye ukungu zitupwe. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kupika.

Kisanduku kina kasoro moja kubwa: kuta zake nyingi hazifiki kwenye kifuniko, basi maji ya papai huishia kwenye viazi. Kijaribu kwa kutia maji chumba kimoja, funga na ukiinamishe. Kinafaa kwa vikavu: viazi vitamu vya rangi ya machungwa vilivyochemshwa, ambavyo ni vitamu hata baridi na vina vitamini A, yai la kuchemsha, vipande vya karoti. Siku ya maharagwe weka chungwa au papai, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharagwe. Chai hufanya kinyume, abebe maji.

Usafi wa flaski uko kwenye mpira wa kifuniko. Uvue kila jioni, uoshe kwa sabuni, na siku ya mukene uuloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye ndimu, kisha uukaushe. Ukiachwa mahali pake hushika harufu na ukungu. Usisugue ndani kwa waya. Mpira huo ndio huchakaa kwanza na mchuzi huanza kuvuja mkobani, kwa hiyo muulize muuzaji kama anauza mpira wa akiba wa kipimo hicho. Kama hana, nenda duka linalofuata.