Vanishi au mafuta kwa sakafu ya mbao iliyochakaa?

Mbao za veranda zikishageuka kijivu kwa jua na mvua, mafundi wengi hukimbilia vanishi. Inavutia, hasa juu ya mninga. Tabu ni kwamba vanishi ni ngozi tu. Mbao ikinywa maji hutanuka, ikikauka husinyaa. Ngozi hiyo hupasuka, maji yakapita chini yake, kisha ikaanza kubanduka. Kurudia ni kukwangua yote hadi mbao tupu. Nimeifanya kazi hiyo mara moja, na magoti yangu bado yanaikumbuka.

Mafuta ya mbegu za kitani (linseed) hupenya ndani ya nyuzi, kwa hiyo hayana cha kubanduka. Hayang'ai sana, hufifia mapema, na penye unyevu mwingi huweza kuota ukungu. Lakini kurudia ni kuosha, kuacha ikauke na kupaka tena. Paka kiasi kidogo, ngoja kama robo saa, futa yanayobaki juu. La sivyo yatanata. Na matambara uliyofutia usiyarundike: huweza kujiwasha yenyewe. Yaloweke majini.

Maandalizi hayatofautiani sana. Sugua kwa sabuni na brashi ngumu, si ya chuma, maana vipande vyake huacha madoa ya kutu. Ikauke siku kadhaa, kisha msasa namba 80 kufuata nyuzi.

Kwa sakafu inayopigwa mvua, mimi nachagua mafuta. Vanishi naiachia milango iliyo chini ya paa.