Safari za kuwatazama pomboo Kizimkazi: tathmini kwa mteja anayejali hali ya pomboo wenyewe

Huduma inayouzwa Kizimkazi, kijiji cha wavuvi kilichoko kusini mwa Unguja, ni rahisi kuieleza. Mgeni huchukuliwa hotelini alfajiri, hupandishwa kwenye boti ya faiba au mashua ya mbao yenye mashine, hupewa miwani, mrija na mapezi ya kuogelea, kisha hupelekwa kuwatafuta pomboo katika maji ya Ghuba ya Menai, na wakishapatikana huambiwa aruke majini. Kwa namna safari nyingi nilizoziona zinavyoendeshwa, siwezi kumshauri mtu atoe fedha zake. Kwa namna zinavyoweza kuendeshwa, na nimeshuhudia kwamba inawezekana, ni miongoni mwa huduma bora za utalii katika pwani yetu. Kinachozitenganisha ni mambo anayoyafanya nahodha katika dakika chache tangu pezi la kwanza lionekane juu ya maji.

Mambo ya kawaida ya tathmini nitayapitia haraka. Majaketi ya kuokolea maisha yalikuwapo na yalitosha abiria wote, ingawa kwa baadhi yake kamba za kufungia zilikuwa zimechakaa. Miwani ilivuja kidogo. Chakula cha mchana ufukweni, wali, samaki wa kuchoma na kachumbari, kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia. Bei ni ya kupatana, na anayelipa kwa wakala wa mjini hulipa zaidi kuliko anayefika kijijini mwenyewe, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu lina uhusiano mkubwa na yanayowapata pomboo.

Sasa tuingie baharini. Kundi tulilolikuta lilikuwa likienda polepole, wanyama wakipanda pamoja kuvuta pumzi na kuzama pamoja, bila kuruka wala kufukuza samaki. Kwa pomboo wa aina hii, ambaye wataalamu humwita Tursiops aduncus, huo ndio mwendo wa mapumziko. Pomboo halali kama sisi: hupumzisha upande mmoja wa ubongo huku upande wa pili ukibaki macho, kwa kuwa kila pumzi lazima apande juu kuifuata. Nahodha wetu, badala ya kupunguza mwendo, alizunguka na kulikata kundi kwa mbele. Boti nyingine zilikuja kutoka pande mbili, vijana wakawapigia wageni kelele za "Ruka! Ruka!", watu wakatumbukia mithili ya magunia, na pomboo wakazama na kuibukia mbali. Mashine zikawashwa tena, mbio zikaanza upya. Katika kundi lile alikuwamo mama na mtoto wake, na mtoto wa pomboo hunyonya chini ya maji, mama akiwa ametulia au akienda taratibu. Sikuona wakipewa nafasi hiyo hata mara moja tulipokuwa hapo.

Nilipomwomba nahodha akae mbali kidogo, alinijibu kwa upole: "Dada, hawa wameshaahidiwa mjini kwamba wataogelea nao. Wasipoingia majini, kesho wakala atampa kazi mwingine." Sikuwa na la kumjibu papo hapo.

Kwamba mbio za namna hii zinawaathiri pomboo si hisia za mtu mwenye huruma nyingi. Kizimkazi ni mahali palipochunguzwa kwa miaka mingi kuliko sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 2010 Fredrik Christiansen, David Lusseau, Eva Stensland na Per Berggren walichapisha utafiti uliofuatilia shughuli za pomboo hawa, yaani kula, kupumzika, kuchangamana na kusafiri, na kulinganisha jinsi wanavyobadilisha shughuli hizo boti za watalii zinapokuwapo na zisipokuwapo. Pasipo boti, mapumziko yalichukua asilimia 38 ya muda wao. Athari ya boti ilipohesabiwa, yalishuka hadi asilimia 10. Kula kulishuka kutoka asilimia 19 hadi 10, na kuchangamana kutoka 10 hadi 4. Kilichoongezeka ni kusafiri, kutoka asilimia 33 hadi 77. Kwa maneno mengine, mnyama anayemfurahisha mgeni kwa kasi yake mara nyingi ni mnyama aliyekatishwa mapumziko au mlo. Mteja wa kawaida hawezi kulijua hilo akiwa ndani ya boti, na hapo ndipo naona udhaifu mkubwa wa huduma hii: hakuna aliyetueleza tunachokitazama.

Wapo watakaosema kwamba pomboo wangekuwa wanateseka wangehama. Jibu la sehemu ya hoja hiyo liko Australia, katika Shark Bay, ambako Lars Bejder na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba idadi ya pomboo katika eneo la utalii ilipungua kwa takriban mmoja kati ya saba pale waendeshaji wa safari walipoongezeka kutoka mmoja hadi wawili, na serikali ikapunguza leseni baada ya matokeo hayo. Hao walikuwa waendeshaji wawili tu, na katika ghuba kubwa. Kizimkazi boti ni nyingi zaidi, na kundi ni dogo: makadirio yaliyofanywa kati ya 1999 na 2002, kwa kuwatambua pomboo kutokana na alama za mapezi yao ya mgongoni katika picha, yalikuwa kati ya pomboo 136 na 179 katika eneo lililochunguzwa. Kundi la ukubwa huo halina akiba kubwa ya kupotezea.

Hata hivyo, haki inanilazimu niseme upande wa pili, na nadhani ndio unaofanya tathmini hii iwe ngumu kuliko ya hoteli au mgahawa. Kabla ya utalii kuanza hapa mwaka 1992, pomboo wa Kizimkazi walichomwa kwa chusa, nyama yao ikawa chambo cha papa na kitoweo. Uwindaji huo uliendelea hadi 1996. Uliachwa, kwa kiasi kikubwa, kwa sababu pomboo aliye hai alianza kuingiza fedha kuliko aliyekufa, na mwaka 1997 Ghuba ya Menai ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi lenye kilomita za mraba 470. Anayetaka safari hizi zifutwe kabisa lazima ajiulize ni nani atakayekuwa na sababu ya kuwalinda. Tena boti si hatari ya kwanza. Utafiti wa Omar Amir, Per Berggren na Narriman Jiddawi uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba pomboo hunaswa na kufa katika jarife na nyavu nyingine za kutegesha kuzunguka Unguja. Pomboo mwenye nundu, anayeonekana pia katika ghuba hii na ambaye yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, hukaa karibu na pwani, mahali palepale nyavu zinapotegeshwa. Pomboo aliyenyimwa mapumziko na boti asubuhi anakutana na wavu usiku.

Safari yangu nyingine, kwa nahodha mzee niliyemfuata mwenyewe kijijini, ndiyo iliyonionyesha kwamba huduma inaweza kuwa tofauti bila gharama yoyote ya ziada. Alipoliona kundi alipunguza mashine, akaenda sambamba nalo kwa ubavu, hakulikata mbele wala kulifuata kwa nyuma. Boti mbili zilipokuwa zimeshafika kabla yetu, alisubiri mbali hadi moja ikaondoka. Hakuna aliyeingia majini. Baada ya muda pomboo wenyewe walisogea, wakapita chini ya boti wakigeuka ubavu kututazama, kisha wakaendelea na safari yao. Alipoona tumeridhika aliondoka, ingawa muda tuliolipia ulikuwa bado, akatupeleka kuogelea kwenye matumbawe.

Kuogelea nao ndiko ninakotaka kuondolewe katika tangazo la huduma. Mamlaka nyingine zimekwisha kufikia uamuzi huo: New Zealand ilipiga marufuku kuogelea na pomboo wa Bay of Islands mwaka 2019, na Marekani mwaka 2021 ilikataza watu kuwasogelea pomboo wa Hawaii wa aina ya Stenella longirostris kwa umbali unaopungua yadi 50, karibu mita 45. Kizimkazi nayo imewahi kuandaliwa miongozo na mafunzo kwa manahodha. Kinachokosekana ni mteja anayeidai na wakala anayeacha kuahidi kinyume chake. Ndiyo maana namshauri msomaji asinunue safari hii hotelini wala kwa wakala aliyetundika picha za watu wamezungukwa na pomboo. Afike kijijini, azungumze na nahodha kabla ya kulipa, amwambie waziwazi kwamba hataruka, na kwamba bakshishi yake itategemea utulivu wa boti, si ukaribu wa pomboo.

Anayetaka mnyama mkubwa zaidi asafiri kati ya Julai na Novemba, nyangumi wenye nundu wanapopanda kutoka bahari ya kusini kuja kuzaa katika maji yetu ya joto. Huonekana nje ya ghuba, na masharti yangu kwa nahodha ni yaleyale, kwa msisitizo zaidi pale jike anapokuwa na ndama.

Safari ya kwanza naipa nyota moja kati ya tano, na hiyo ni ya chakula. Ya pili naipa nne. Nyota ya tano nitaiongeza siku kamba za majaketi zitakapobadilishwa na mtu akatueleza, kabla ya kung'oa nanga, jinsi pomboo anavyopumzika.